Maswali ya Wasomaji kwa Mwanasheria: Nimetakiwa Kujieleza Chuoni

SWALI: Ndugu Mwanasheria, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu. Wiki iliyopita nikiwa zamu ya usiku katika mafunzo ya vitendo, niliandika kwenye chati ya mgonjwa aliyekuwa amelala shinikizo la damu la saa kumi alfajiri bila kulipima, nikifuatisha kipimo cha mwanzo wa usiku. Muuguzi msimamizi aligundua na kuripoti. Mgonjwa hakudhurika. Jana nimepewa barua inayonitaka nijieleze kwa maandishi ndani ya siku tatu kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu. Mwalimu wangu ananishauri niombe msamaha tu, wala nisitafute wakili, kwa sababu chuo kitaona ninashindana nacho. Nifanyeje?
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

JIBU: Mdogo wangu, nianze na hizo siku tatu, kwa kuwa zimekwisha kuanza kuhesabika. Leo hii andika barua fupi ya kukiri kuwa umepokea ile ya chuo, na ndani yake uombe mambo manne: kifungu cha kanuni unachodaiwa kukivunja, nakala ya ripoti ya muuguzi msimamizi, nakala ya ukurasa wa chati unaohusika huku jina la mgonjwa limefichwa, na siku chache za nyongeza ili uweze kujibu ukiwa umeviona. Usipopewa nyongeza, wasilisha maelezo yako ndani ya muda uliopangwa hata kama unaona hayajakamilika, kisha useme humo kwamba unahifadhi haki ya kuongeza utakapopata hati ulizoomba. Wanafunzi wengi hupoteza mashauri yao kwa kukaa kimya wakisubiri majibu ya chuo, na kamati ikakaa bila hata mstari mmoja kutoka kwao.

Ushauri wa mwalimu wako naamini umetolewa kwa nia njema, na nusu yake ni sahihi. Ukweli lazima useme. Hata hivyo, kukiri tendo ni jambo moja na kukiri shtaka ni jambo jingine. Ulichofanya ni kuandika kipimo ambacho hukukichukua. Chuo kinaweza kukiita uzembe, au kinaweza kukiita kughushi kumbukumbu za mgonjwa, na umbali kati ya maneno hayo mawili unaweza kuwa ndio umbali kati ya onyo la maandishi na kufukuzwa. Barua inayosema "nakiri makosa yote ninayotuhumiwa nayo" inakufunga kwenye shtaka ambalo pengine bado hujalisoma. Eleza ulifanya nini, saa ngapi, ulikuwa na wagonjwa wangapi, nani alikusimamia na ulikuwa umefundishwa nini kuhusu kumwamsha mgonjwa kwa ajili ya vipimo. Usitoe visingizio, wala usimsukumie lawama muuguzi aliyetimiza wajibu wake.

Hiyo hoja ya kwamba mgonjwa hakudhurika usiitegemee sana. Namba iliyo kwenye chati ndiyo ambayo daktari wa asubuhi ataitazama kabla ya kuongeza au kupunguza dawa, na mgonjwa ambaye shinikizo lake linashuka taratibu usiku anaweza kuonekana salama kabisa kwenye karatasi. Kamati ya watu waliofanya kazi wodini inalijua hilo, na inachotaka kuona ni kama nawe unalijua. Nimeona maelezo ya kujitetea yaliyoandikwa kwa ustadi mkubwa wa kisheria yakiwaudhi wajumbe kwa sababu mgonjwa hakutajwa hata mara moja.

Kuhusu wakili, mtafute sasa, si baada ya uamuzi. Kanuni za vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kuja na msindikizaji lakini hazimruhusu wakili kuzungumza mbele ya kamati, na kwa sababu hiyo watu hudhani hana kazi. Kazi yake kubwa iko kabla ya kikao: kuisoma barua ya tuhuma sambamba na mwongozo wa wanafunzi, kupima maneno ya maelezo yako, na kuona kama hatua zinazotakiwa zimerukwa. Chagua anayejua mashauri ya elimu au ya leseni za taaluma. Mtetezi hodari wa kesi za jinai huenda akakushauri unyamaze, na ukimya unaokulinda polisi unaweza kusomwa na kamati ya uuguzi kuwa ni kutojutia. Kama huna fedha, uliza kama serikali ya wanafunzi ina mtetezi, kama kitivo cha sheria kilicho karibu kina kliniki ya msaada wa kisheria, kama chama cha mawakili kina mpango wa kusaidia wasio na uwezo, au kama chama cha wauguzi kinapokea wanachama wanafunzi. Chuo kinachotenda haki hakina sababu ya kuchukizwa na mwanafunzi aliyeomba kuelekezwa.

Siku ya kikao una haki ya kujua unatuhumiwa nini, kusikilizwa, na kuamuliwa na watu wasio na upande. Muuguzi aliyekuripoti anaweza kuwa shahidi, lakini hapaswi kukaa miongoni mwa waamuzi. Ukimkuta humo, toa pingamizi kwa adabu mwanzoni kabisa na uombe liandikwe. Haki ya kusikilizwa ni kongwe. Mwaka 1723 mahakama nchini Uingereza iliamuru Chuo Kikuu cha Cambridge kimrudishie msomi Richard Bentley shahada zake, ambazo kilikuwa kimemvua bila kumwita ajitetee, na jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumuuliza.

Mambo matatu usiyafanye kabisa: usiguse tena chati ile, usimwendee muuguzi kumwomba abadilishe ripoti, na usilijadili shauri hili kwenye kundi la darasa la WhatsApp. Na ukishauriwa uandike barua ya kuacha masomo "kwa hiari" ili yaishe kimya kimya, usitie saini kabla wakili hajaisoma. Kuna nyakati kujitoa ni busara, lakini mara nyingi anayejitoa hupoteza haki ya rufaa, na rekodi yake inaweza kuonyesha kwamba aliondoka akiwa na shauri. Zaidi ya hayo, mamlaka nyingi za usajili wa wauguzi humuuliza mwombaji kuhusu mwenendo wake, na katika baadhi ya nchi swali hilo hugusa moja kwa moja adhabu za chuoni. Siku hiyo ikifika, jibu kwa ukweli na uambatishe uamuzi wa kamati. Kosa la mwaka wa tatu lililokiriwa na kurekebishwa linaelezeka. Kulificha kwenye fomu ya usajili ni kosa jipya, na hilo ni gumu zaidi kusameheka.

SWALI: Mwanangu ameondolewa kwenye masomo ya uuguzi kwa kufeli mafunzo ya vitendo mara mbili. Hakuitwa kwenye kikao chochote. Je, mahakama inaweza kumrudisha?
Mzazi

JIBU: Mzazi mwenzangu, jibu linategemea kama aliondolewa kwa sababu ya nidhamu au ya kitaaluma, na sheria za nchi nyingi huvitofautisha vitu hivi. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Missouri, aliyeondolewa kwa sababu ya udhaifu katika kazi za wodini. Chuo kilikuwa kimempeleka kwa madaktari saba wampime: wawili walisema ahitimu kwa wakati, wawili walisema aondolewe mara moja, watatu walisema aendelee kwa uangalizi. Pamoja na mgawanyiko huo, Mahakama iliona kuwa alikuwa ameonywa vya kutosha na kwamba uamuzi wa kitaaluma hauhitaji kikao kama cha shauri la nidhamu. Majaji wa nchi nyingine nao husita kusahihisha alama.

Kwa hiyo usiende kubishana juu ya alama. Tafuta kama kijana alionywa kwa maandishi kabla ya kufeli mara ya pili, kama tathmini za kila wiki zilijazwa na kutiwa saini, kama alipewa saa za vitendo ambazo mtaala unazitaka, na kama wenzake waliofeli vivyo hivyo walipewa nafasi nyingine. Angalia pia kama nyuma ya neno "amefeli" kuna tuhuma, kwa mfano ya lugha mbaya kwa mgonjwa au ya kuondoka kazini bila ruhusa. Ikiwa ipo, una hoja nzito kwamba hilo lilikuwa shauri la nidhamu lililovalishwa vazi la mtihani, na alistahili kusikilizwa. Anzeni na rufaa ya ndani ya chuo, kwani kwa kawaida mahakama hukataa kuwasikiliza wale ambao hawajaimaliza njia hiyo, na muda wa rufaa hiyo huwa ni wa siku chache tu tangu tarehe ya barua.

SWALI: Nilipiga picha maabara ya chuo hospitalini, hakuna sura ya mgonjwa, nikaiweka mtandaoni. Wanasema nitafukuzwa. Je, wana haki?

JIBU: Ondoa picha hiyo leo, lakini hifadhi nakala yake na tarehe uliyoiweka, kwani ndiyo ushahidi wako. Kansas, nchini Marekani, wanafunzi wa uuguzi waliondolewa chuoni mwaka 2010 kwa kujipiga picha na kondo la nyuma na kuiweka kwenye Facebook. Januari 2011 jaji aliamuru mmoja wao, aliyekwenda mahakamani, arudishwe masomoni, baada ya kuona kwamba picha haikumtambulisha mgonjwa yeyote. Lakini mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubaliana na chuo cha Minnesota kilichomwondoa mwanafunzi wa uuguzi kwa maneno aliyoyaandika kwenye Facebook kuhusu wenzake, ikisema chuo kinaweza kudai maadili ya taaluma hata nje ya darasa. Niletee kanuni ya chuo chako kuhusu simu na mitandao, pamoja na fomu ya usiri uliyoitia saini siku ya kwanza hospitalini, na picha yenyewe, ili niangalie kama kwenye ukuta au meza nyuma yako kuna jina, namba ya kitanda au lebo ya sampuli inayoweza kusomeka.