Hamali aliyesimama na gunia anafanya kazi?

SWALI: Mwanangu wa darasa la sita anasema hamali aliyesimama na gunia begani hafanyi kazi, eti ndivyo sayansi inavyosema. Mume wangu amebeba magunia sokoni miaka mingi, na maneno hayo yamemuuma. Je, Kiswahili kinaruhusu kusema hivyo? Kwa nini lisitafutwe neno jingine?

JIBU: Mama, somo la mtoto ni sahihi, na mumeo ana haki ya kuumia. Kinachowagonganisha ni mtendaji. Katika maongezi ya kila siku, kazi hufanywa na mtu, na tunaipima kwa jasho, muda na ujira. Mlinzi aliyekesha ameketi getini tunamwambia "pole na kazi", wala hatukosei. Katika fizikia, kazi hufanywa na kani, yaani msukumo au mvuto, na swali ni moja tu: kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo? Zidisha kani, inayopimwa kwa nyutoni, kwa umbali huo wa mita, utapata kazi kwa jouli, kipimo cha kazi.

Hamali akilitoa gunia la kilo 50 chini na kulipandisha mita 1.5 hadi begani, kani ya kulinyanyua ni takriban nyutoni 500 (kama 10 kwa kila kilo), hivyo kazi ni jouli 750. Akisimama kusubiri lori, gunia halipandi. Kazi juu ya gunia ni sifuri. Hata akitembea nalo kwenye sakafu tambarare kwa mwendo usiobadilika, bega linasukuma juu ilhali gunia linakwenda mbele, na jibu linabaki sifuri. Lakini misuli yake haipumziki. Inakaza na kulegea mfululizo, inatumia chakula alichokula, ndiyo maana anachoka kwelikweli.

Basi kasoro ya mtoto ni ya lugha. "Hamali hafanyi kazi" ni sentensi inayomhukumu mtu. Aseme: "Kani ya hamali haifanyi kazi juu ya gunia."

Neno jipya silitaki. Mwaka 1829 mhandisi Mfaransa Coriolis, akikokotoa tija ya mashine, naye alichukua neno la kawaida la lugha yake lenye maana ya kazi. Mashine za enzi hizo zilipimwa kwa uzito ziliopandisha na kimo ulichofika, na hamali naye hupakia hivyo hivyo, gunia kwa gunia. Tukibuni neno geni tutaukata uzi huo.

Kosa linalonisumbua zaidi ni "gunia lina kazi". Kitu hakina kazi, kina nishati. Kazi hufanyika, nayo huhamisha nishati. Tena si "kazi 750", ni "kazi ya jouli 750".

Sasa mtoto amuulize baba yake alikuwa akipakia magunia mangapi kwa siku. Yakiwa 100 ya kilo 50, na bodi ya lori iko mita 1.5 kutoka chini, hiyo ni kazi ya jouli 75,000.