Columbus hadi Indianapolis kwa gari la umeme: angalia tundu la chaji kwanza

Mkuu, umeuliza kama gari la umeme la mtumba litakutoa hapa Columbus, Ohio, likufikishe Indianapolis kwa shemeji yako bila kulala njiani, maana umesikia barabara kuu ya I-70 imewekewa chaja za kasi. Litakufikisha. Mimi naendesha Chevrolet Bolt EUV niliyoinunua mkononi mwa mtu, na hizo maili 175 hivi nimezipita kiangazi na theluji.

Wengi wanadanganywa na namba iliyobandikwa kwenye chaja. Imeandikwa kilowati 350, mtu anadhani akitoka msalani atakuta betri imejaa. Anayeamua ni gari. Bolt haimezi zaidi ya kilowati 55 hivi, hata ukiichomeka moja kwa moja Bwawa la Nyerere! Kuna jamaa mwenye gari la Hyundai Ioniq 5 alinikuta nachaji, akachomeka, akamaliza, akanipungia mkono, mimi kahawa yangu bado ya moto. Na hizo 55 ni za mwanzo tu. Betri ikipita nusu umeme unapungua, ikivuka asilimia 80 unakuwa wa matone. Kwa hiyo njiani sijazi. Nachukua wa kunifikisha na akiba kidogo, nachomoa.

Sasa hivyo vituo vipya. Baadhi ni vya NEVI, mpango wa serikali ya Marekani wa kuweka chaja kwenye barabara kuu, dola bilioni 5 za sheria ya miundombinu ya 2021, na cha kwanza Marekani nzima kilifunguliwa Desemba 2023 hapa hapa kwetu, London (ya Ohio, msicheke), I-70 inapokutana na barabara ya US 42, kwenye kituo cha malori cha Pilot. Masharti ya mwanzo ya mpango ndiyo yaliyonifurahisha: chaja zisizopungua 4, kila moja itoe kilowati 150 hata zote zikitumika pamoja, kituo kisiwe mbali na barabara kuu, ulipe kwa kadi bila kulazimishwa kupakua programu ya simu, na ziwe zinafanya kazi asilimia 97 ya muda.

Hilo la mwisho utalielewa ukishaumia. Januari moja nilikuwa narudi usiku, watoto wawili nyuma, hita imewashwa. Gari linalotangazwa maili 247 halikunipa hata 150. Nikaingia kituo cha zamani nyuma ya duka lililokwisha kufungwa. Chaja 4: mbili kioo cheusi, moja inataka programu ambayo iliikataa kadi yangu, ya nne ina bwana anayejaza mpaka 100, kalala. Nilisubiri dakika 50. Mdogo anataka kukojoa, choo hakuna, nikamsimamisha kwenye theluji kama tuko porini. Tangu siku hiyo natafuta taa, choo na watu kwanza, kilowati baadaye.

Ukienda, London usisimame. Ni kama maili 25 tu kutoka Columbus, betri bado imeshiba, utapoteza muda. Hiyo ni ya wakati wa kurudi. Wakati wa baridi chaji maeneo ya Richmond, mpakani mwa Indiana, na uingie ukiwa na asilimia 30, siyo 8, ili chaja ikiwa mbovu uwe na pa kwenda. Asubuhi ya safari fungua PlugShare, programu ya simu ambako madereva huandika hali ya chaja, usome maoni ya juzi na jana. Fedha za NEVI zilisimamishwa Februari 2025 zikafunguliwa tena Agosti, kwa hiyo usitegemee ramani ya mwaka jana.

Halafu hujasema ni gari gani. Kama ni Bolt ya 2017 mpaka 2021, chaji ya kasi ilikuwa ya kuongezea pesa, na wapo waliobana pesa wakaiacha. Fungua kifuniko: chini ya tundu la duara lazima uone matundu mawili makubwa. Usipoyaona, chaja zote hizi utazipita ukizitazama tu. Piga picha uiweke hapa kabla hujalipa.