"Che" ya Che Guevara: ni cheo, jina au wito?

Msomaji kutoka Tunduru ameuliza: "Kwetu Wayao, 'Che' hutangulia jina la mtu mzima kwa heshima, kama vile Che Mataka. Je, 'Che' ya Che Guevara, yule mwanamapinduzi, ndiyo hiyo hiyo? Kama siyo, ina maana gani, na kwa Kiswahili tuseme nini?"

Hapana, siyo hiyo. Zimefanana kwa sauti tu, na kwa kazi zinapishana kabisa. "Che" ya Kiyao inampandisha mtu, inamwekea kiti. "Che" ya Argentina inamvuta mtu karibu, inamkalisha mkekani pamoja nawe. Ni neno la mtaani la Argentina na Uruguay. Paraguay pia linasikika, na kusini mwa Brazili, katika jimbo la Rio Grande do Sul, wanaliandika tchê. Halina wingi, halichagui mwanamume wala mwanamke.

Kazi yake ya kwanza ni kuita. Watu wamekaa duara Buenos Aires wanakunywa mate, yale majani yanayotiwa maji ya moto ndani ya kibuyu na kufyonzwa kwa mrija wa chuma, kibuyu kimoja kikizunguka kwa wote. Kikikawia kwa mmoja, mwenzake atasema: "Che, pasame el mate." Kwa Kiswahili cha Dar es Salaam hiyo ni "Oya, lete mate huku." Akiwa mtu wa maneno ya taratibu zaidi, ni "Hebu nipitishie mate."

Lakini sikiliza likihamia mwisho wa sentensi. "No sé, che." Hapo haliiti mtu tena, maana mtu yupo na anasikiliza. Linalainisha tu. Kiswahili kina neno linalofanya kazi hiyo kwa ukamilifu, nalo ni "bwana": "Sijui, bwana." "Haya bwana." "Acha bwana!" Angalia kwamba mwanamke humwambia mwanamke mwenzake "acha bwana," wala hakuna anayeshangaa. Ubwana wenyewe umeshatoka ndani ya neno, umebaki ukaribu wa sauti. Ukishaielewa "bwana" hiyo, umeielewa "che" kuliko kamusi yoyote itakavyokueleza.

Kuna na ya tatu, ya mshangao au kulalamika: "¡Pero, che!" Sisi tungesema "Ah, jamani!" au, kwa aliyekasirika kidogo, "Ebo!"

Sasa Guevara. Alizaliwa Rosario, Argentina, mwaka 1928, akaitwa Ernesto. Jina la Che hakupewa na wazazi wala si cheo cha jeshi. Alilipata miaka ya 1950 akiwa Guatemala na Meksiko kati ya Wakuba waliokuwa uhamishoni, ambao walimsikia kila sentensi "che, che" wakamwita hivyo hivyo. Ni desturi tunayoijua vizuri: mtu akizidisha neno fulani mdomoni, mtaa unamwita kwa neno hilo mpaka jina la cheti linasahaulika. Yeye alilipenda. Alipokuwa mkuu wa Benki ya Taifa ya Kuba, noti za mwaka 1960 zilitoka na sahihi yake: "Che," basi.

Na hapa anaingia Kiswahili chenyewe. Aprili 1965 alipita Dar es Salaam kwa siri, akafika Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kuwasaidia wapiganaji wa mashariki ya Kongo. Jina la Che lingemfichua, kwa hiyo yeye na wenzake walijipa namba za Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, Guevara akawa Tatu. Mbele za watu alijulikana kama daktari na mkalimani wa Kifaransa. Mtu wa Mrima akisikia "Tatu" humjia kwanza sura ya bibi, maana huku Tatu ni jina la mwanamke. Kwangu hilo linagusa: mtu aliyeitwa kwa neno la mtaani kwao, akajificha ndani ya hesabu ya watoto wetu.

Kuhusu asili, wataalamu wanabishana. Wapo wanaoipeleka kwa Wamapuche, wenyeji wa asili wa Chile na Argentina, ambao kwao che ni mtu, jina lao lenyewe ni "watu wa ardhi." Wengine wanataja Kigwarani, lugha ya wenyeji wa Paraguay, ambamo che ni "mimi" au "-angu." Wengine wanarudi Hispania, kwenye ce ya zamani ya kumwita mtu, wakikumbusha kwamba Valencia hadi leo wanaitana xe, inayotamkwa "che". Mimi naelekea upande huu wa mwisho, kwa sababu kazi ya neno ni ile ile: kuita.

Kwa anayetafsiri: katika jina liache lilivyo, Che Guevara, herufi kubwa, maneno mawili. Katika mazungumzo usiliache, na tafadhali usiweke "rafiki" kila linapotokea. "Rafiki, nipe maji" si Kiswahili cha watu waliozoeana. Tazama limekaa wapi: likiwa mwanzo, "oya," "hebu" au "we", likiwa mwisho, "bwana", likiwa peke yake na pumzi ndefu, "jamani."

Tena usilipeleke kwa mzee usiyemjua. "Che" hutembea na vos, "wewe" ya waliozoeana. Anapostahili usted, ile "wewe" ya heshima, Mwajentina huanza na "Disculpe, señor," kama wewe wa Tunduru unavyoanza na "Shikamoo."