Mguu ukiuma baada ya baiskeli: umekaza msuli au umebanwa neva?

Mguu ukiuma, wapanda baiskeli wengi huunyoosha na kuuvuta. Msuli uliokaza hupona hivyo. Neva iliyobanwa kiunoni au kwenye tako, ukiivuta, unaichokoza, na maumivu ya siku mbili huwa ya wiki kadhaa. Kwa hiyo tofautisha kwanza.

Msuli ukikaza, utaugusa uone mgumu, hasa kigimbi au nyuma ya paja. Unauma palepale, na ukinyooshwa huachia ndani ya dakika chache. Maumivu ya neva husafiri: huanzia kiunoni au kwenye tako, yakapita nyuma ya paja na goti hadi unyayoni, yakichoma au kupiga shoti, mara nyingi pamoja na ganzi. Huzidi ukikaa, ukiinama kufunga viatu au ukikohoa. Lala chali, mtu akuinulie mguu taratibu ukiwa umenyooka. Shoti ikishuka chini ya goti kabla ya nyuzi 70, shuku neva. Kuvutika tu nyuma ya paja hakuhesabiki.

Wanaoshindana kwa miaka mingi wajue na jambo la tatu, ambalo hupitwa kirahisi: ateri ya nyonga kuwa nene na kupunguza damu. Paja au kigimbi cha upande mmoja huishiwa nguvu unapokanyaga kwa nguvu zote tu, kisha hupoa dakika chache baada ya kupunguza mwendo. Omba mtiririko wa damu upimwe mara tu baada ya mazoezi, maana ukipimwa umepumzika majibu yanaweza kuonekana mazuri kabisa.

Tukirudi kwenye neva, anza na kiti. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba kila unapokanyaga, na mguu unaponyooka kupita kiasi neva huvutwa maelfu ya mara kwa saa. Pima urefu wa mguu kwa ndani, kutoka kinenani hadi sakafuni, bila viatu, kisha zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 82 anapata 72.4, nao ndio umbali wa kuanzia kutoka katikati ya ekseli kuu, ile ambayo mikono ya pedali huizunguka, hadi juu ya kiti. Hakikisha kwa kisigino: ukikiweka kwenye pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke bila nyonga kuinama upande. Rekebisha milimita 3 hadi 5 kwa mara moja, uendeshe kidogo, ndipo uguse tena. Usukani ulio mbali na chini hukunja kiuno. Uinue au uusogeze karibu. Ngozi ya sehemu za siri ikifa ganzi, kiti kinabana: kiweke sawa na ardhi na simama kwenye pedali kila baada ya dakika 10 hivi.

Zoezi la neva ni la kuitelezesha. Kaa kwenye kiti, nyoosha goti huku ukiinua uso juu, kisha likunje huku ukiinamisha kichwa. Fanya mara 10, mara mbili au tatu kwa siku, bila kushikilia mwishoni. Shoti ikitokea, usinyooshe goti hadi kiasi hicho.

Ganzi ya kinena isiyoisha ukishuka, mkojo au choo kisichozuilika, mkojo kukataa kutoka, au miguu yote miwili kulegea: nenda hospitali siku hiyohiyo. Kigimbi kimoja kikivimba na kupata joto, vilevile; huenda ni damu iliyoganda.

Kukaza misuli kwa kawaida huja mwishoni mwa safari, msuli ukiwa umechoka kuliko ulivyozoeshwa. Anayepanda mlima kutoka Mombo hadi Lushoto kwa gia nzito asishangae. Tumia gia nyepesi, mizunguko ya pedali 80 hadi 90 kwa dakika kwenye tambarare. Ukikazwa, simama, nyoosha msuli sekunde 30, urudie. Joto likiwa kali, robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye chupa ya mililita 750 husaidia wanaotoka jasho la chumvi nyingi. Mwenye shinikizo la damu amuulize daktari kwanza. Maji makali ya achari huweza kuukatisha mkazo haraka kuliko chumvi inavyoweza kufika kwenye damu. Inaelekea ukali wake hufanya kazi kupitia neva za kooni.

Kwinini, iliyozoeleka kwa malaria, usiitumie kwa hili. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuharibu chembe za kugandisha damu, na Marekani ilishatoa onyo rasmi dhidi ya kuitumia kwa misuli inayokaza.