Sahani tupu si ushahidi: kwa mnaoanza kupaka vipandikizi vya meno

Wadogo zangu wa maabara, mwezi huu nimeonyeshwa picha za sahani za aga, ile jeli ya kuoteshea bakteria, zisizo na koloni hata moja, kama ushahidi kwamba tabaka lililopakwa kwenye kipandikizi limeua bakteria wote, na si na mtu mmoja. Kila mwenye picha kaishika kwenye simu, kila mmoja keshaanza kuandika muhtasari wa kongamano. Nikiuliza ni nyutralaiza gani iliyotumika, yaani kemikali ya kuizima dawa kabla ya kuhesabu bakteria, napata kimya, halafu, "Dada, hiyo nayo ni lazima?" Nawapenda sana, ila leo mtanisikiliza.

1. Kontroli, ile sampuli ya kulinganishia, ipite njia yote iliyopita sampuli. Ukilinganisha nanotyubu (vijirija vidogo mno vya oksidi ya titani) zenye fedha na diski ya titani iliyong'arishwa tu, hujapima fedha. Umepima fedha, mparuzo wa uso, florini iliyobaki kutoka kwenye elektrolaiti (maji ya kemikali ya kutengenezea nanotyubu), na anatasi (aina ya fuwele ya oksidi ya titani) uliyoipata ulipochoma kwa nyuzi 450, vyote kwa mkupuo mmoja. Weka diski za nanotyubu zisizo na fedha, zilizochomwa pamoja na zile zenye fedha na kuingia otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) moja nazo. Na ile mikromita 0.2 ya Ra, kipimo cha mparuzo, msiisahau: mparuzo ukizidi hapo bakteria wanapata pa kujibanza, ukishuka chini yake kuendelea kung'arisha hakupunguzi bakteria kwa kiasi cha maana. Kuna mmoja wenu alisugua sampuli kwa msasa wa namba moja na kontroli kwa msasa wa namba nyingine, eti ule wa kwanza uliisha. Alinieleza hivyo bila hata kupepesa macho. Simtaji, na chai ya saa nne nilimnunulia mimi.

2. Nyutralaiza. Hapa vuteni viti.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa na haraka yenu yote na kiburi zaidi. Nilitengeneza nanotyubu kwa volti 20, nikaweka chembe za fedha ndani, nikapanda bakteria Staphylococcus aureus juu yake kwa saa 24 kwa mtindo wa ISO 22196, kiwango cha kimataifa cha kupima nyuso zinazozuia bakteria. Nikaosha diski kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara), nikaitikisa kwa mashine ya voteksi, nikamwaga yale maji kwenye aga. Asubuhi sahani ilikuwa tupu. Kontroli zilijaa mpaka hazihesabiki. Nikaandika "zaidi ya asilimia 99.999" kwa herufi nzito. Sikujiuliza hata kama hesabu inaniruhusu: kontroli zilikuwa na seli laki moja hivi, na kwa ujazo nilioupanda, koloni moja ilisimama badala ya seli 100. Sahani tupu isingeweza kunithibitishia zaidi ya logi 3, yaani punguzo la mara elfu moja, mimi nikadai 5, yaani mara laki moja.

Hilo ni dogo. Ushahidi wa kosa langu kubwa ulikuwa mezani pangu, na niliutupa kwa mkono wangu mwenyewe. Sahani ya maji yasiyozimuliwa ilikuwa tupu. Ya 1:10, yaliyozimuliwa mara kumi, tupu. Ya 1:100 ilikuwa na koloni chache, za mviringo, za rangi ya dhahabu. Someni tena hapo. Nilikuwa nazimua, na koloni zinatokea badala ya kupotea. Mtu mwenye akili timamu angekaa chini. Mimi nikasema ni uchafu umeingia, uchafu ambao kwa bahati ya ajabu ulifanana kila kitu na bakteria niliyempanda, nikazitia kwenye mfuko wa taka za otoklevu na kwenda kula.

Kilichotokea mnakijua nyote hata kama hamjawahi kukitilia maanani. Nilipoosha diski, fedha ilitoka pamoja na bakteria. Vyote viwili vikamwagwa kwenye aga, na fedha ikaendelea na kazi yake pale pale usiku kucha. Kwenye 1:100 ilikuwa imepungua nguvu, ndipo waliosalimika wakaota. Bakteria wangu walitoka kwenye diski wakiwa hai. Sahani ndiyo iliyowazuia.

Sasa endeleeni nami. Niliwasilisha matokeo hayo kwenye kikao cha idara na kupigiwa makofi. Bango likachapishwa kwa rangi. Makala ikaenda jaridani, na mhakiki mmoja akarudisha sentensi fupi tu: nyutralaiza ni ipi, na uko wapi uthibitisho kwamba inafanya kazi? Nilikasirika. Niliandaa jibu refu la kumfundisha adabu, lenye hoja kwamba wengine hawakuitumia na bado walichapishwa. Kabla ya kulituma nikasema ngoja nirudie jaribio mara moja ili nimnyamazishe kabisa. Nikaongeza thayoglikoleti ya sodiamu kwenye maji ya kuoshea. Koloni zikajaa kila sahani. Punguzo halikufika hata logi 1.

Nilikwenda kwa msimamizi wangu na zile sahani mkononi. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. Aliuliza kitu kimoja: "Za mizimuo za mara ya kwanza ziko wapi?" Nikamwambia nilizitupa. Tuliiondoa makala. Bango likabaki ukutani koridoni kwa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulibandua, na mimi kila nikipita hapo nilijifanya nasoma ujumbe kwenye simu.

Kwa hiyo: fedha tumia thayoglikoleti, kloheksidini (dawa ya kuua vijidudu vya kinywa) tumia lesithini na Tween 80, na mchuzi wa D/E, unaouzwa tayari kwa kazi hii, una vyote hivyo. Thibitisha kwamba nyutralaiza haiwadhuru bakteria wako, na kwamba inaizima dawa kweli. Hesabu sahani zote za mizimuo, hasa zile zinazokuudhi.

3. Mate. Kipandikizi hakikutani na bakteria kikiwa kikavu. Ndani ya dakika chache tu mate yamekivika utando wa protini. Protini hizo huishika fedha, kwa hiyo tabaka linalotamba kwenye PBS linaweza kuduwaa kwenye mate. Na jamani, kibali cha maadili kwanza, ndipo muwaombe wenzenu wateme mate kwenye mirija ya falkoni, ile ya plastiki yenye kifuniko.

4. E. coli imo kwenye kiwango cha ISO, sawa, mpimeni. Lakini fizi za mgonjwa zina wenyeji wake: Streptococcus sanguinis na gordonii hutangulia, Fusobacterium nucleatum huwashikilia, na Porphyromonas gingivalis hupata pa kushika. Huyu wa mwisho anadai hemini (kirutubisho chenye chuma kitokacho kwenye damu), vitamini K, mtungi usio na oksijeni, na subira ya siku kadhaa mpaka aweke rangi nyeusi. Kuna kijana aliufungua mtungi kila asubuhi kuangalia kama wameota. Hawakuota. Akalaumu kukatika kwa umeme.

5. Kristali vaioleti, ile rangi ya zambarau ya kuonyesha bakteria, inawapaka rangi walio hai na maiti pia, hivyo usiitumie kudai umeua.

6. Anzeni na seli za mfupa mapema, msizisubirishe hadi mwaka wa mwisho. Gristina, mtafiti wa maambukizi ya vipandikizi, aliliweka wazi jambo hili mwaka 1987: seli za mwili na bakteria wanakimbizana kuufikia uso mmoja. Tabaka linaloua kila kitu ni rahisi kulitengeneza. Kwenye ISO 10993-5, kiwango cha kupima sumu kwa seli, uhai wa seli ukishuka chini ya asilimia 70 ya kontroli, tabaka lako linahesabiwa kuwa ni sumu, hata kama bakteria wamekwisha wote. Hakikisheni pia kwamba chembe zenu za fedha haziichezei MTT yenyewe, kile kipimo cha rangi cha uhai wa seli: wekeni kisima (kitundu cha sahani ya kupimia) chenye tabaka bila seli.

7. Diski haikazwi kwa ufunguo, kipandikizi hukazwa, mara nyingi mpaka Ncm 35 hivi (newton-sentimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na ukutani mwa tundu la mfupa ndiko tabaka zuri linakobaki. Chukueni skrubu mliyoipaka, ikazeni kwenye ubavu wa ng'ombe, ifungueni, iosheni, iangalieni kwa SEM (hadubini ya elektroni) kwenye ncha za nyuzi za skrubu, kisha ndipo mpime bakteria kwenye skrubu hiyo hiyo. Mbavu zinapatikana bucha yoyote, ila nendeni asubuhi kabla hazijakatwakatwa vipande vya supu, na muuzaji akiuliza mnapika nini, mwambieni supu.