Usiandike "mgunga" tu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupima miti huku Kanda ya Ziwa, kosa langu la mwaka wa kwanza lilinipotezea misimu miwili. Nataka lisiwapate.

Nilipangiwa ploti kwenye ngitili moja, yaani eneo la malisho na miti ambalo Wasukuma hulihifadhi, upande wa Magu. Tepu niliishika vizuri, kila shina kwenye kimo cha mita 1.3, kipenyo kikaandikwa. Lakini kwenye safu ya jina, kila mti wenye miiba niliuandika "mgunga", nikasonga mbele. Ukaja ukame. Migunga mingine ikakauka, mingine ikabaki kijani. Mkuu wangu akauliza: iliyokufa ni ipi, na iliyobaki ni ipi? Daftari halikuwa na jibu. Mzee mwenye ngitili alikuwa nalo: miti niliyoiita kwa jina moja, yeye alikuwa na majina matatu ya Kisukuma, na kila jina na tabia yake.

Hapo ndipo nilipoelewa utulivu wa msitu unatoka wapi. Orodha ndefu ya majina peke yake haitoshi. Msitu huhimili pale kazi moja inapofanywa na wengi ambao hawaangushwi na janga lilelile. Migunga ya aina mbalimbali hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Wa mizizi mifupi akifa kwa kiu, wa mizizi mirefu anaendelea. Kwa hiyo mkiwa porini jiulizeni: huyu akiondoka, nani atashika kazi yake?

Mkipata nafasi ya kufika Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria na hifadhi ya taifa tangu 1977, kaeni saa nzima karibu na mkuyu wenye matunda. Wanaobeba mbegu ni wengi: ndege, popo, tumbili, hata sokwe, ambao waliletwa kisiwani miaka ya 1960. Lakini uchavushaji wa mkuyu unategemea nyigu wadogo sana wa aina yake. Kwenye mbegu kuna vibarua tele, kwenye ua yuko mmoja au wawili. Udhaifu utafuteni hapo.

Ziwa nalo lilitufundisha kwa uchungu. Furu, samaki wadogo wa ziwa hili, walikuwa mamia ya aina: walao mwani, walao konokono, walao wadudu. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka pamoja na kazi zao. Msitu pia uliguswa. Furu alianikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta mengi, huhitaji moto na moshi, na kuni zikakatwa pwani na visiwani. Mpima miti asiyewajua samaki wa hapa atashangaa miti imekwenda wapi.

Kazini sasa. Asubuhi anzeni kwa mzee wa mahali, "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwanza, daftari baadaye. Chukueni jani, ua na tunda, bananisheni ndani ya gazeti, kila kimoja kipeni namba ya mti wake. Jina la Kisukuma liandikeni hata kama la kitaalamu hamjalipata. Usilolijua liandike "sijui 1", lingine "sijui 2", msiyachanganye. Na piga magoti uhesabu miche. Mimi niliruka miche kwa sababu haikufika kipimo cha tepu, na miaka miwili baadaye sikuweza kusema kama migunga ile iliyokauka ilikuwa imeacha watoto.