Simu imeibwa: anza na laini

Pole sana dada yangu. Umeuliza uanze na nini baada ya simu kuchomolewa kwenye daladala. Anza na laini, simu yenyewe baadaye. Azima simu ya mtu sasa hivi, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako wafunge laini na akaunti ya pesa. Mwizi akiichomeka laini yako kwenye simu nyingine, ujumbe wa kubadili nywila za barua pepe na benki unamfikia yeye. Hapo ndipo watu wanalia.

Kisha ingia kwenye akaunti yako ya Google, uifunge simu kwa mbali. Kufuta data ni hatua ya mwisho, kwa sababu ukishafuta huioni tena ilipo. Na tafadhali usiiondoe akaunti yako kwenye simu hiyo, ndiyo inayomzuia mwizi kuitumia hata akiifuta yote. Ukitumiwa kiungo eti "simu yako imepatikana, weka nywila", usikiguse!

IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, iko kwenye boksi la simu. Nenda nayo polisi. Laini ukiirudisha, iwekee PIN.